Vumbi la kusaga sakafu: swali ambalo sikumuuliza fundi wa Chiola

Huku kusini pesa za korosho zikishaingia, nyundo husikika kila kijiji. Minada ya RUNALI ikipita na mkulima akalipwa, jambo la kwanza ni ada za watoto, la pili ni nyumba. Mwenye nyumba ya udongo huanza kuchimba msingi, mwenye bati lenye kutu hulibadilisha, na mwenye sakafu ya saruji iliyochakaa humwita fundi aisage, kisha apige rangi mpya au aweke marumaru. Wiki hii nataka kuzungumza na huyo wa mwisho, na fundi wake, na mama mwenye mtoto anayelala chumba cha pili wakati kazi inaendelea.

Kilichonisukuma kuandika ni mgonjwa mmoja kutoka Chiola, huku Nachingwea na Ruangwa zinakopakana. Ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Ni baba wa miaka 52. Siku ya kwanza alipoingia chumbani nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia "Marahaba daktari" kwa mikupuo miwili, kwa sababu pumzi haikumtosha kuisema mara moja. Alikuwa na kikohozi cha muda mrefu na alichoka akitembea kutoka nyumbani hadi kisimani. Mwaka uliotangulia alikuwa ametumia dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, bila kukosa hata siku moja, na kikohozi hakikuondoka.

Kwenye kadi yake, mahali pa kazi, paliandikwa "mkulima". Sikushangaa. Kwa wagonjwa wa vijijini neno hilo karani huliandika kabla hata mgonjwa hajajibu. Nilimpima makohozi, hayakuonyesha vimelea vya kifua kikuu, nikampa dawa ya kuua bakteria, nikamwambia arudi. Alirudi akiwa amepungua zaidi. Nikabadilisha dawa.

Mara ya tatu alikuja akisindikizwa na mpwa wake, kijana wa miaka 16. Nilimtazama yule kijana: nywele, nyusi na kope zilikuwa nyeupe kama aliyetoka kusaga unga. Nikauliza, "Mmepitia mashineni?" Mzee akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Hapana, daktari. Tumetoka kusaga sakafu. Kulima ni wakati wa mvua. Kiangazi mimi ni fundi sakafu, mwaka wa 17 huu."

Nilikuwa nimemwona mara mbili bila kumuuliza swali hilo. Picha ya eksirei ilionyesha vidoti vidogo vingi vilivyotapakaa sehemu za juu za mapafu yote mawili. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi, na unatokana na vumbi la mchanga na mawe.

Kwa nini sakafu husagwa

Kwanza niwe mkweli: fundi hasagi sakafu kwa kupenda. Zege linapomwagwa, maji hupanda juu yakibeba saruji laini, na yakikauka huacha ngozi nyembamba iliyo dhaifu. Ukipaka rangi juu ya ngozi hiyo, rangi itashika ngozi, na ngozi itabanduka pamoja na rangi. Sakafu ya zamani nayo huwa na mafuta ya taa, nta, gundi, rangi ya awali na mabonde madogomadogo. Kusaga huondoa vyote hivyo na kufungua vitundu vya zege ili rangi, epoksi au gundi ya marumaru iingie na kung'ang'ania. Fundi anayekuambia kwamba bila kusaga kazi haitadumu mara nyingi yuko sahihi.

Shida iko kwenye namna ya kusaga. Siku hizi wengi hutumia grinda ya mkononi yenye diski ya almasi, tena sakafu ikiwa kavu. Chumba hujaa wingu, na fundi akiwa ndani haonekani. Hufunga kitambaa usoni au kipande cha kanga, madirisha hufungwa ili vumbi lisiende kwa jirani, na kazi inaendelea saa nzima.

Kilichomo ndani ya vumbi hilo

Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Mchanga na aina nyingi za kokoto zina madini yanayoitwa silika. Silika ikiwa chembe kubwa ya mchanga haina neno. Watoto wanaichezea mtoni na wewe unaikanyaga kila siku. Lakini diski ya almasi inaivunjavunja kuwa chembe ndogo kupita kiasi, chini ya mikromita 10, na zile za hatari zaidi ni chini ya mikromita 4. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe hizo huzioni kwa jicho. Wingu jeupe unaloliona ni chembe kubwa, ambazo puani na kooni hunaswa kwa kamasi na makohozi. Zile ndogo hubaki hewani kwa saa nyingi baada ya wingu kutua, na ukizivuta hupita hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu.

Huko kuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Seli inaimeza chembe ya silika, lakini haiwezi kuiyeyusha. Chembe inaiua seli, inatoka, inamezwa na nyingine, nayo inakufa. Kila seli inapokufa huacha uvimbe mdogo, na uvimbe ukipona huacha kovu gumu. Mapafu yanayotakiwa kuwa laini kama sifongo hugeuka magumu kidogo kidogo. Ndiyo sababu ugonjwa huu unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi: chembe zilizokwisha kuingia hazitoki.

Kwa kawaida silikosisi huonekana baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi. Vumbi likiwa zito zaidi huja kati ya miaka 5 na 10. Na likiwa zito mno, katika chumba kilichofungwa siku baada ya siku, mtu anaweza kuugua vibaya ndani ya miezi au miaka michache tu. Dalili ni kikohozi kisichoisha, kuishiwa pumzi unapopanda kilima au kubeba ndoo, uchovu na kifua kubana. Mwanzoni huenda usihisi chochote. Hakuna dawa ya kuondoa makovu hayo. Silika vilevile huongeza hatari ya saratani ya mapafu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani waliiweka mwaka 1997 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Figo nazo huweza kuathirika. Na fundi anayevuta sigara hujiongezea mzigo juu ya mzigo.

Undugu wake na kifua kikuu

Hapa ndipo wengi wetu, madaktari tukiwamo, tunapojikwaa. Silikosisi na kifua kikuu hufanana kwa dalili na hufanana kwenye eksirei, maana vyote hupenda sehemu ya juu ya mapafu. Kwa hiyo mtu mwenye silikosisi anaweza kupewa dawa za kifua kikuu asichokuwa nacho. Lakini kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kumwambia mtu "hilo ni vumbi tu" kumbe kifua kikuu kipo.

Ukweli ni kwamba vyote viwili huandamana. Seli zinazouawa na silika ndizo zilezile zinazopaswa kupambana na vimelea vya kifua kikuu. Zikiwa dhaifu, vimelea vilivyolala huamka. Mwenye silikosisi huwa katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu kuliko mtu mwingine, na hatari hiyo humfuata maisha yote. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro imewachunguza wachimbaji wadogo wa tanzanaiti wa Mirerani na kukuta magonjwa haya mawili yakitembea pamoja. Msomaji wa Ruangwa mwenye ndugu kwenye machimbo ya Namungo anajua ninachozungumza: vumbi la mwamba na vumbi la zege ni watoto wa mama mmoja.

Kwa mzazi, jambo hili lina maana moja zaidi. Silikosisi haiambukizi, lakini kifua kikuu kinaambukiza. Baba anayesaga sakafu, akipata kifua kikuu, hulala nyumba moja na watoto. Chanjo ya BCG anayopewa mtoto anapozaliwa humkinga dhidi ya aina kali za kifua kikuu utotoni, lakini haimzuii kabisa kuambukizwa, na haina uhusiano wowote na vumbi.

Je, mtoto wangu atapata silikosisi?

Swali hili niliulizwa na dada mmoja ambaye sebule yake ilisagwa siku mbili huku familia ikilala humohumo. Jibu ni hapana. Siku mbili za vumbi hazileti silikosisi kwa mtoto; ugonjwa huo ni wa anayelivuta kila siku kwa kazi. Usipoteze usingizi kwa hilo.

Lakini kuna mambo mengine ya kuhofia kwa mtoto. La kwanza ni pumu. Vumbi lolote jingi linaweza kumwamshia mtoto shambulio, na huyo dada alikuja kwetu saa nane usiku na mtoto wa miaka minne aliyekuwa akipumua kwa kuvuta mbavu. La pili ni rangi ya zamani. Baadhi ya rangi za miaka ya nyuma zina madini ya risasi, na ukizisaga unayageuza kuwa vumbi linalotua kwenye sakafu anayotambaa mtoto, kwenye vidole na midoli anayoweka mdomoni. Risasi huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ni hatari kwa mama mjamzito pia. Kama sakafu au ukuta una rangi ya zamani usiyojua asili yake, usikubali isagwe kavu. La tatu ni saruji yenyewe: ikiwa na maji huunguza ngozi na macho. Mtoto asitembee peku juu ya tope la saruji.

Shambulio la pumu likimpata mtoto mwenye dawa ya kuvuta, mpeleke kwenye hewa safi kwanza. Kama hana kifaa cha kuunganisha na dawa yake, chupa tupu ya maji ya nusu lita inafaa: kata tundu kwenye kitako linaloingia dawa kwa kubana, mtoto aweke mdomo kwenye mlango wa chupa. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya namna hiyo hufanya kazi vizuri kwa watoto wa umri wa kuanzia miaka mitano. Aliye mdogo zaidi huhitaji na kifuniko cha uso, kwa hiyo muulize mhudumu wako mapema. Tikisa dawa, bonyeza mara moja, mtoto apumue mara nne hadi sita, kisha rudia kama ulivyoelekezwa. Usingoje asubuhi ikiwa mtoto hawezi kuongea au kunyonya, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi ya bluu, au analegea na kusinzia. Hapo ni kwenda hospitali mara moja.

Kabla ya kusaga: mwenye nyumba

Jiulize kwanza kama kusaga kunahitajika. Sakafu chafu tu huenda ikahitaji sabuni, maji na brashi ngumu. Sakafu ya kuwekwa marumaru inaweza kukwaruzwa kwa tindo na nyundo huku ikiwa imeloweshwa; vumbi lipo, lakini ni dogo sana kuliko la grinda. Usikubali mtu amwage tindikali sakafuni ndani ya nyumba badala ya kusaga: mvuke wake huunguza koo na mapafu, na hapo utakuwa umebadilisha hatari moja kwa nyingine.

Ikibidi kusaga, zungumza na fundi kuhusu vumbi wakati mnapatana bei. Usingoje aje na mashine mlangoni. Mwulize: "Utasaga kwa maji au kavu? Una barakoa ya aina gani?" Ukimlazimisha amalize nyumba nzima kwa siku moja kwa bei ya kutupa, atasaga kavu, maana ndiyo njia ya haraka. Siku moja ya nyongeza ina gharama yake, na ni haki umlipe.

Hamisha watoto, wazee, wajawazito na mwenye pumu waende kwa ndugu hadi nyumba isafishwe, siyo hadi mashine izimwe tu. Toa nje magodoro, vyandarua, nguo na vyombo. Mitungi ya maji ya kunywa ifunikwe au itolewe. Milango ya vyumba visivyosagwa izibwe kwa turubai au plastiki, na madirisha ya chumba kinachosagwa yafunguliwe yote.

Kwa wajumbe wa kamati za shule na zahanati: kazi ya sakafu ifanyike likizo au siku za kufunga, na darasa lipigwe deki ya maji kabla watoto hawajarudi. Mkishaona darasa la pili linasagwa huku la tatu wanasoma jirani, simamisheni kazi.

Wakati wa kusaga: fundi

Ndugu yangu fundi, kinga ya kwanza ni maji. Chembe iliyolowa hairuki. Ile mashine kubwa ya kusagia terazo inayofanya kazi na maji imewalinda mafundi wengi bila wao kujua. Chumba kidogo kinaweza kusuguliwa kwa mkono, kwa jiwe la kusugulia na maji. Lakini angalia: grinda ya kawaida ya umeme haikutengenezwa kwa ajili ya maji. Ukiimwagia maji inaweza kukuua kwa umeme palepale. Tumia maji tu na mashine iliyotengenezwa kwa maji, na umeme upite kwenye swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja.

Ikiwa una grinda ya kavu tu, kuna kifuniko cha duara kinachovaliwa juu ya diski na kuunganishwa na mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio laini sana. Najua mashine hiyo ni ghali kwa fundi mmoja wa kijijini. Ila mafundi watano au sita wa kikundi kimoja wanaweza kuinunua kama mnavyonunua mashine ya kuchanganya zege, na kuikodishana. Feni ya kawaida usiitumie kupuliza vumbi chumbani, inalizungusha tu.

Kinga ya pili ni barakoa, na hapa wengi hudanganyika. Kitambaa, kanga na barakoa ya hospitali ya rangi ya bluu havizuii chembe hizi. Vinazuia zile kubwa ambazo pua ingezinasa yenyewe. Inayotakiwa ni barakoa ya N95 au FFP2 kwenda juu, yenye mikanda miwili na kibano cha pua, na kwa kazi kavu ya siku nzima, ile ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha. Lazima igusane na ngozi pande zote. Kwa fundi mwenye ndevu, hewa hupita pembeni. Simwambii mtu yeyote anyoe ndevu anazofuga kwa imani yake. Ninachosema ni kwamba barakoa hiyo haitamlinda, basi ategemee maji, au kazi ya kusaga kavu aifanye mwingine. Na hata barakoa nzuri ni kinga ya mwisho, haichukui nafasi ya maji.

Macho yavae miwani. Masikio yazibwe: kama unalazimika kupaza sauti mtu aliye mita moja akusikie, kelele hiyo inakula usikivu wako. Na jenereta, ndugu zangu, ikae nje kabisa, mbali na mlango na dirisha, siyo barazani wala kwenye korido. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua mtu akidhani amechoka tu. Kichwa kikiuma, ukisikia kizunguzungu na kichefuchefu, zima jenereta, toka nje na uwatoe wenzako.

Baada ya kusaga

Usifagie kwa ufagio mkavu. Hapo ndipo mama mwenye nyumba, ambaye hakushika grinda, huvuta fungu lake. Lowesha kwanza, kisha kokota tope kwa ubapa na kulitia kwenye mifuko kabla halijakauka, maana likikauka linarudi kuwa vumbi. Usilimwage karibu na kisima. Futa kuta, kenchi na fremu za madirisha kwa kitambaa kibichi, rudia kesho yake, ndipo watoto warudi.

Sakafu iliyosagwa kwa maji lazima ikauke kabla ya rangi. Bandika kipande cha plastiki chenye urefu na upana wa nusu mita hivi juu ya sakafu, uzibe kingo zote kwa gundi ya karatasi, kiache hadi siku ya pili. Ukikuta matone au zege limekuwa jeusi chini yake, bado. Zege jipya nalo lipewe siku 28 hivi. Ukiharakisha, rangi itabanduka, utalazimika kusaga upya, na vumbi litarudi kwa mara ya pili. Epoksi nayo ina mvuke na huleta mzio wa ngozi: glavu, madirisha wazi, watoto mbali mpaka ikauke kabisa.

Fundi abadilishe nguo kabla ya kuingia nyumbani. Asizikung'ute, azilowekwe ndani ya ndoo. Anawe mikono na uso kabla ya kula. Saruji ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali huku jicho limeshaoshwa. Saruji mbichi ikiingia ndani ya buti, vua na uoshe palepale. Kuungua kwake huanza bila maumivu.

Ukifika hospitali

Sema kazi yako kabla hujaulizwa. Usiseme "mkulima" tu. Sema: "Nalima, na kiangazi nasaga sakafu," au "nimechimba Namungo miaka mitatu," au "nachonga mawe." Taja miaka. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha uchunguzi wote. Hata kazi uliyoiacha miaka 10 iliyopita, itaje.

Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu, kapime kifua kikuu. Vipimo na dawa zake katika vituo vya serikali ni bure. Ukigundulika una silikosisi bila kifua kikuu, muulize daktari kuhusu dawa za kinga. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wenye silikosisi wapimwe vimelea vilivyolala na kutibiwa kabla havijaamka. Acha sigara. Na jambo kubwa kuliko yote, acha vumbi: kila mwezi unaoongeza ndani ya vumbi unaongeza kovu.

Kama umeajiriwa na mkandarasi, jua haki zako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kinga na kukupima afya, na OSHA ndiyo inayosimamia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, nao hulipa fidia kwa magonjwa yatokanayo na kazi, siyo ajali pekee. Kijana aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi ya hatari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza.

Wenzetu wamejifunza kwa gharama kubwa. Afrika Kusini, wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi na kifua kikuu walihangaika miaka mingi, hadi mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilipoidhinisha makubaliano ya fidia. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Australia, vijana waliokata mawe ya bandia ya meza za jikoni waliugua kwa wingi hata nchi ikapiga marufuku mawe hayo kuanzia Julai 2024. Sisi hatuna haja ya kungoja makaburi ndipo tulowesha sakafu.

Yule baba wa Chiola hatapona makovu aliyonayo, na nilimwambia hivyo, mkewe akiwepo. Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na huyu kijana?" Tulimpiga picha mpwa wake. Mapafu yake ni safi; amesaga kiangazi kimoja tu. Mzee alimwangalia, akamwambia, "Grinda hutaishika tena mpaka ukue, na ukikua, utashika ya maji."

Siku hizi mzee hupima na kuelekeza, kazi ya vumbi haifanyi. Anakuja kliniki kila baada ya miezi mitatu, na kila akija namkagua kifua kikuu. Kwenye kadi yake, pale palipoandikwa "mkulima", nimeongeza kwa mkono wangu: "na fundi sakafu, miaka 17." Wewe unayesoma, ukienda hospitali wiki hii, hakikisha na yako imeandikwa sawasawa.